Chupa ya Msiba

Karatasi ilitoka nyeupe tena. Damas aliishika pembeni kwa koleo, akaigeuza upande wa pili kama mtu anayetafuta doa kwenye kanzu, kisha akairudisha kwenye sinia la maji. Ilikuwa mara ya tatu tangu amzike mama yake.

"Labda rangi imechoka," alisema.

"Rangi haina kosa," Dokta Usha alijibu. "Jana nimeijaribu kwenye kipande kingine, imeshika. Tatizo hapa hakuna kitu cha kushikwa."

Maabara hiyo ya malale ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ambayo zamani wapagazi walipita na mizigo kwenda Ujiji. Kazi yenyewe ilikuwa mpya. Dokta Usha, binti wa Champaklal muuza vitambaa, alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo. Damu ya ng'ombe mwenye vidudu vya malale ilitayarishwa, na protini zake zikapangwa kwa umeme ndani ya kipande cha jeli laini kama utando wa uji uliopoa. Kisha jeli ililazwa juu ya karatasi maalumu, vyote viwili vikabanwa pamoja na kuzamishwa kwenye beseni la maji ya dawa, na umeme ukapitishwa tena ili protini zihame kutoka kwenye jeli ziende kukaa kwenye karatasi. Umeme wa mji haukuaminika, kwa hiyo walitumia betri za gari. Karatasi ikipakwa rangi, protini zilionekana kama mistari.

Karatasi ya kwanza kufaulu, ya mwezi wa nane, Damas aliibandika ndani ya daftari lake. Ilikuwa na mstari mmoja mnene juu, na chini yake miwili myembamba iliyokaa pamoja kama reli. Yeye aliishia darasa la nane, na kazi ya maabara aliijua kwa mikono. Ile karatasi aliipenda kuliko cheti chochote.

"Na jeli umeiangalia?" Dokta aliuliza.

"Nimeipaka rangi. Tupu."

"Tupu kabisa? Basi zimehama."

"Zimetoka humu, Dokta, ila hazikufika kule."

Dokta Usha alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Mwezi ulikuwa wa tisa, mwaka 1983, joto limekaa juu ya bati na hakuna hata jani linalotikisika. Wote wawili waliliangalia beseni. Maji yalikuwa matulivu na safi, wala hayakuonyesha kwamba kuna kitu kimepitia humo kikapotea.

"Zimeenda wapi sasa?" Dokta aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Damas alikuwa anafikiri juu ya mtu mwingine aliyelalamikia weupe wiki hiyo, na kilichomsumbua ni kwamba mtu huyo hakuwahi kukanyaga maabara.

* * *

Nyumbani kwa Damas, kwenye nyumba za serikali za Kitete, matanga yalikuwa bado. Wanawake walilala ukumbini juu ya mikeka. Apolinaria, mkewe, alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu, maana sabuni haikuwapo mjini, na wifi yake Pelagia alikaa kizingitini akimtazama.

"Sugua vizuri, wifi," Pelagia alisema. "Hizo sufuria marehemu alizinunua mwenyewe. Asije akasema umezichafua na zenyewe."

"Nasugua, dada."

"Maana kusema anasema. Wawili tayari amewaambia."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchicha waliinamisha nyuso. Wawili hao walikuwa Jilala na Raymundi. Walichimba kaburi Jumanne ya wiki iliyopita wakiwa watatu, na wa tatu alikuwa Tobias mkata kuni. Alhamisi yake Jilala aliamka akamwambia mkewe afungue dirisha, mkewe akamwambia liko wazi. Raymundi alianza kupapasa ukuta siku hiyo hiyo jioni. Hospitali waliwamulika machoni kwa tochi, wakawapa vidonge, wakawarudisha nyumbani.

Mji ulikuwa na maelezo yake. Marehemu Josepha alitaka kuzikwa kijijini kwao, njia ya Ulyankulu, kwenye makaburi ya watu wake. Lakini gari halikupatikana, na lililopatikana halikuwa na dizeli. Siku ya pili, joto likiwa vile, Apolinaria ndiye aliyesema mbele ya watu: "Maiti hasubiri dizeli." Akazikwa mjini, kwenye makaburi ya zamani karibu na njia ya misafara. Na katika kuchimba, kimo cha mtu kiunoni, jembe la Jilala lilitoa mifupa ya mguu, shanga za buluu na kipande cha mnyororo. Hakuna aliyejua ni vya nani. Mpagazi, mtumwa, mtu aliyetoka mahali asifike alikokuwa anakwenda. Walisogeza kaburi hatua tatu, wakachimba upya.

Sasa ikasemwa kwamba Josepha amelazwa kando ya mgeni, naye amekataa, na anawafumba macho waliomlaza. Aliyemlazimisha kulala pale ni mkaza mwanawe.

Jilala mwenyewe alifika adhuhuri hiyo, ameshikwa mkono na mkewe. Damas alikuwa amerudi kula. Alimpa kiti, na Jilala akakipapasa kabla ya kukaa, mtu mpana wa mabega aliyezoea kubeba magunia mawili ya karanga kwa mpigo.

"Pole, kaka. Macho yanaendeleaje?"

"Nikwambie nini, Damas. Watu wanadhani nipo gizani. Giza lingekuwa jema, usiku ninaujua. Huu ni weupe. Ni kama nimetiwa ndani ya gunia la pamba likafungwa juu yangu."

"Ukifumba macho?"

"Upo. Nikilala upo. Jana niliota, na ndoto yenyewe ilikuwa nyeupe. Nasikia watu wanaongea humo, siwaoni."

Mmoja wa wanawake alifanya ishara ya msalaba. Pelagia aligeuka akamwangalia Apolinaria kwa utulivu, mpaka sufuria ikamponyoka mkononi.

Tobias naye alikuwepo, ameleta kuni za matanga, macho yake mazima. "Mimi bibi Josepha ananipenda," alisema. "Kuni zake nilikuwa napima na nyongeza. Nilitoka kuzika nikaenda moja kwa moja kwenye pombe ya asali, nikanywa hadi kesho yake, hata kichwa hakikuuma."

"Nyamaza, Tobias," Damas alimwambia.

"Nasema kweli tupu. Jilala yeye alikwenda nyumbani kulala kama padri. Unaona faida ya adabu?"

Jilala alicheka kidogo. Alicheka akiwa ameelekeza uso ukutani, pasipokuwa na mtu, na hicho kicheko kiliwatia watu baridi zaidi ya maneno yake.

* * *

Baba mdogo wa Damas, Mzee Mhoja, aliingia Ijumaa asubuhi juu ya lori la tumbaku kutoka Ulyankulu, na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Damas alipiga magoti kidogo, akampa shikamoo. Mzee aliitikia, akanywa maji, na kabla kata haijarudi mtungini akaanza.

"Kesho tunaanua matanga. Nataka mambo yaishe kesho. Ukoo umekaa."

"Umekaa wapi, baba? Mimi sikuwepo."

"Wewe ni mume. Mume hakai kwenye kikao cha mkewe." Alijifuta ndevu. "Mwanamke aondoke. Watoto ni wetu, watabaki kwa Pelagia. Aondoke na nguo zake tu, arudi kwao."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa analijua aliyelala kaburini. Mimi nahesabu vipofu tu. Leo wawili. Unataka tungoje wa tatu?"

Apolinaria alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini bila kumwaga, akarudi jikoni. Damas alimfuata. Alimkuta amesimama katikati ya moshi, hapulizi moto wala hafanyi chochote.

"Umesikia," alisema Damas.

"Nimesikia, Baba Maua. Nitakwenda kwa nani? Mwanamke aliyefukuzwa kwa neno la uchawi hata ndugu zake hawamfungulii. Yatanikuta njiani. Unajua yanayowakuta."

Damas alijua. Upande ule wa nchi kila mtu alijua, na hakuna aliyeyasema kwa sauti.

"Hukumfanya mama kitu," alisema.

"Sema basi mbele yao."

"Nitasema nini? Wataniuliza, kama siye yeye, ni nini? Sina cha kuwajibu."

Apolinaria alimtazama kwa macho yaliyokauka. "Huko kazini kwenu," alisema, "kitu kikiharibika mnafanyaje? Mnamfukuza wa kwanza mnayemwona?"

* * *

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Damas alifika mapema kuliko mlinzi. Dokta Usha alimkuta ameshatandika kila kitu mezani, kipande kimoja kimoja, kama mtu anayefungua injini.

"Leo hatupitishi umeme," Damas alisema. "Leo tunaanza mwanzo. Kila kitu kilichoguswa."

Walianza na nyaya. Nyekundu ilikuwa kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, wala protini hazikupelekwa upande usio wake. Wakapima betri, zikawa nzima. Mapovu ya hewa kati ya jeli na karatasi Damas aliyatoa kwa kuviringisha bomba la kioo, kama alivyofundishwa, na kwa mkono wake hakuna povu lililowahi kubaki. Karatasi ilitoka kwenye bahasha ile ile ya mwezi wa nane.

"Basi ni sisi," Dokta alisema. "Hakuna kingine."

Damas alikuwa ameshika jeli ya Alhamisi, iliyohifadhiwa kwenye sinia. Aliilaza juu ya ile ya mwezi wa nane, iliyokaushwa daftarini na kuchorwa kingo zake kwa penseli kabla haijakauka. Haikuenea ndani ya mistari ya penseli. Ilizidi upana wa kidole kila upande.

"Imekua," alisema.

"Nini?"

"Jeli. Imekua ndani ya beseni. Tuliitia ndogo, imetoka kubwa."

Dokta Usha aliinama akaiangalia. Kile kipande cha nyama ya maji kililala pale, kimenona, na kwa kitambo hakuna aliyetaka kukigusa.

"Maji ya beseni yana spiriti," Dokta alisema taratibu. "Ndiyo inayoizuia jeli isivimbe. Na ndiyo inayoifanya karatasi ishike protini. Bila hiyo zinapita katikati ya karatasi na kwenda zao." Alinyanyuka. "Lete chupa."

Chupa ilikuwa stoo, chupa kubwa ya rangi ya kahawia iliyokuja ndani ya kreti na vyombo vipya, pamoja na nyingine mbili ambazo bado zilikuwa na lakiri. Kwa sababu ya uhaba, Dokta aliweka alama ya penseli kwenye lebo kila jioni. Alhamisi walipoitumia ilipungua kama ilivyostahili. Damas alifungua kizibo, akanusa. Akanusa tena. Alichovya pamba, akaiweka kwenye kibati, akawasha kiberiti. Kiberiti kilizima kwa mlio mdogo.

"Maji," alisema.

Walitazamana, kisha Dokta akaita: "Mzee Lukumani."

Mzee Lukumani alikuwa mtunza stoo kwa miaka ishirini na mbili. Alipewa funguo za spiriti tangu wakati wa Mwingereza kwa sababu ni mtu wa swala tano asiyeonja kileo, na katika miaka yote hiyo hakikupotea hata kijiko. Aliiangalia pamba iliyolowa, akamwangalia Damas, akavua kofia.

"Sikumwibia mtu," alisema. "Ilikuwa chupa ya msiba."

Dokta hakuelewa. Ilibidi Damas aeleze, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika. Ilikuwa desturi ya pale toka zamani, haikuandikwa popote. Mfanyakazi akifiwa, stoo humtolea chupa moja ya spiriti safi kwa ajili ya wachimba kaburi na wazee, ipunguzwe kwa maji na sukari. Mabosi wote walijua na wote walifumba macho.

"Ile spiriti yetu ya zamani iliisha mwezi wa sita," Lukumani alisema. "Nikasema, Damas amefiwa na mama, awaage watu mikono mitupu? Nikampimia kutoka hii mpya. Kilichobaki ndani hakikufika vidole viwili. Nikajaza maji mpaka kwenye mstari wako, Dokta, usije ukahuzunika. Kwani si ni spiriti? Mimi siijui kwa ulimi."

"Hii siyo ile," Dokta alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ile inalevya. Hii ni methanoli. Mwili ukiipata unaigeuza sumu, na sumu hiyo inakwenda kwenye macho. Kikombe kidogo tu kinatosha. Mtu anaanza kuona..."

"Weupe," Damas alimalizia.

Alikaa kwenye kigoda. Aliiona Jumanne ile. Mifupa ilipotoka, wachimbaji waliogopa kuendelea. Mtu aliyegusa mifupa ya asiyemjua hapewi pombe ya kawaida, hupewa kitu kikali, kilicho safi, kwa heshima. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua chupa ile iliyofungwa gazeti. Yeye ndiye aliyewamiminia kwa vikombe vidogo vya kahawa, bila kuipunguza, akaanza na Jilala kwa kuwa ndiye aliyeigusa mifupa.

"Tobias alikunywa viwili," alisema. "Hana kitu."

"Alikunywa na kingine?"

"Pombe ya asali. Usiku kucha."

"Basi pombe ilimwokoa. Mwili ukiwa na pombe ya kawaida unashughulika nayo kwanza, ile sumu haigeuzwi. Hata hospitali ndivyo wanavyotibu, ukiwahi." Aliifunga chupa. "Hawa hawakuwahiwa, kwa sababu hakuna aliyejua. Iliyobaki iko wapi?"

Damas alishainuka. "Sandukuni kwangu. Ya wazee. Leo mchana."

Dokta Usha alimshika mkono. Hakuwahi kumgusa kabla ya siku hiyo.

"Sikiliza. Nenda kaimwage. Sema imevunjika. Usiseme zaidi." Aliongea kwa haraka na kwa sauti ya chini. "Mwaka huu wanakamata watu kwa katoni ya sabuni. Duka la baba limepekuliwa mara mbili. Mali ya serikali imetoka hapa, watu wamepofuka. Wataandika uhujumu. Wewe, Mzee Lukumani, na mimi ninayesaini stoo. Wale wawili hawataona tena hata ukisema. Hutawarudishia."

"Na mke wangu?"

Dokta hakujua habari za mke. Damas alimweleza kwa maneno machache akiwa anatafuta klipu ya suruali kwa ajili ya baiskeli. Alipomaliza, Dokta alimwachia mkono. Mzee Lukumani alikuwa bado ameshika kofia.

"Nenda, mwanangu," alisema Lukumani. "Jina langu litaje. Usilizunguke."

* * *

Uani kwa Damas wazee saba walikaa kwenye viti vya kuazima. Jilala na Raymundi waliwekwa mbele, upande wa heshima. Apolinaria alikaa chini kwenye kona, na kitita cha nguo alichofungiwa na wifi yake kilikuwa mbele ya magoti yake. Chupa ilikuwa juu ya kigoda. Vikombe vya kahawa vilikuwa vimejazwa.

Kilichowaokoa ni ulimi wa Mzee Mhoja. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na bado alikuwa anawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, akirudi nyuma hadi kwa babu aliyebeba pembe kwenda Bagamoyo, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa kabla yake. Damas aliitupa baiskeli chini.

"Baba, shusha kikombe."

"Unanikata maneno mbele ya wafu?"

"Shusha kikombe. Nyote shusheni. Kuna aliyekunywa?"

"Nani anywe, huyu hamalizi," Tobias alisema.

Damas alichukua sahani ya bati jikoni, akamimina ndani yake kutoka kwenye chupa, akaiweka katikati ya ua, juani. Aliwasha kiberiti akakisogeza. Hakuna kilichotokea. Sahani ilikaa vile vile, maji ya wazi yakimetameta, bila moshi, bila rangi.

"Haiwaki hiyo," Pelagia alisema. "Mwanaume amechanganyikiwa."

Damas alichomoa unyasi mmoja kwenye ufagio, akaunyoosha juu ya sahani. Unyasi ulijikunja, ukawa mweusi, ukashika moto peke yake hewani.

Viti vilisogea. Mzee Mhoja aliinama, akapeleka kiganja chake polepole juu ya sahani isiyo na kitu, akakirudisha kwa ghafla kifuani. Alikiangalia. Vinyweleo vya vidoleni vilikuwa vimeungua.

"Ni moto gani huu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ni huo huo uliomo machoni mwao," Damas alisema. "Mama hahusiki. Mke wangu hahusiki. Aliambiwa aitunze sandukuni, akaitunza. Chupa imetoka kazini kwangu. Ni dawa ya kazi, ilitolewa kwa kukosea ikidhaniwa ni kileo. Mzee Lukumani alinipa kwa huruma. Mimi nikawapa wao, kwa mkono wangu huu. Jilala, ni mimi."

Unyasi ulianguka, na sahani iliendelea kuungua bila kuonekana, ikitoa mlio mwembamba. Jilala alikuwa amegeuza sikio kwenye ule mlio.

"Ulianza na mimi," alisema.

"Nilianza na wewe."

"Kwa heshima."

"Kwa heshima."

Jilala alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona haina punguzo. Raymundi alianza kulia, naye alilia bila kujua afiche uso upande gani.

Mzee Mhoja alikaa. Baada ya muda alisema kwamba mwanamke afungue kitita, arudi ndani. Hakuomba radhi, wala ukoo ule haukuwa na maneno ya kumwomba radhi mkaza mwana. Pelagia alisimama, akachukua lile karai la vyombo lililokuwa la Apolinaria wiki nzima, akaanza kuosha vikombe, akimwaga kila kimoja mbali sana na mboga.

"Lakini mifupa ile," Mzee Mhoja alimwambia Tobias kwa sauti ya chini, "mifupa ile nayo ina neno lake. Bila mifupa, chupa isingefunguliwa."

Tobias alisogea mbali na sahani.

* * *

Damas alikwenda mwenyewe kuandikisha maelezo. Alikaa rumande wiki saba. Walipoona hakuna aliyeuza kitu walimwachia, lakini kazi ilikuwa imekwisha, na nyumba ya Kitete ikaenda na kazi. Mzee Lukumani alistaafishwa bila barua ya shukrani. Dokta Usha aliachwa kwa onyo. Siku moja Apolinaria alipopeleka uji rumande, alimwambia kupitia dirishani: "Dokta amefungua chupa nyingine. Anasema mistari imerudi." Damas alimwuliza mingapi. Apolinaria alisema hakuuliza, yeye alileta uji.

Walipanga chumba Gongoni. Mvua zilipoanza, Damas alichukua jembe akaenda shambani kwa Jilala. Hakuna aliyemtuma wala aliyemshukuru. Alilima shamba la Jilala Jumatatu hadi Jumatano, la Raymundi Alhamisi na Ijumaa, na lake Jumamosi. Mke wa Jilala aliacha maji kwenye kibuyu mwisho wa tuta akaondoka kabla Damas hajafika.

Jilala alikaa kwenye gogo, uso juani. Siku za kwanza hakusema. Wiki ya tatu aliuliza, "Umefika kwenye kichuguu?"

"Nimekipita."

"Damas, ule weupe unabadilika."

Damas aliacha kulima. "Unaanza kuona?"

"Hapana. Wewe sikuoni, jembe silioni. Ila ndani ya weupe kuna kitu kimeanza kutokea. Kimekaa pale pale, hata nikigeuza kichwa. Ni kama mtu amechora."

"Amechora nini?"

Jilala aliinama, akasawazisha udongo uliolowa kwa kiganja. Alichora kwa kidole mstari mmoja, akaurudia na kuurudia hadi ukawa mnene. Akashuka chini yake. Akachora mwingine, mwembamba, na mwingine tena karibu sana na huo, sambamba.

"Hivi," alisema. "Huu, halafu hii miwili kama reli. Ni nini hiyo?"

Jilala hakuwahi kuingia maabara. Daftari lilifungwa kwenye kabati la Dokta, na Damas hakuwahi kumweleza mtu yeyote mtaani jinsi ile karatasi ilivyokuwa. Alisimama pale na jembe mkononi, matone ya kwanza ya mvua yakianza kuanguka kwenye majani ya karanga.

"Hunijibu?" Jilala aliuliza.

"Vitu vyetu vya kazini vilipotea," Damas alisema. "Vilitoka tulikoviweka, havikufika."

"Basi vimefika," alisema Jilala.

Damas aliupita ule mchoro kwa hatua ndefu, asiukanyage, akaendelea na tuta.